Kwa Mama Solveig, Mwenyeji wa Nyaishozi

Umetimiza mwaka, Mama, tangu tukulaze kibanjani, kati ya migomba uliyoipanda kwa mikono yako. Tulitaka tukuandikie maneno matamu matupu. Bahati mbaya tumetembelewa na ndugu zako, kwa hiyo tuvumilie.

Tuanze na mema. Ulikuja kutoka Marekani ukiwa binti, kufundisha wakunga, ukaolewa na Baba Projest, ukabaki. Ulimenya ndizi vibaya hadi mama mkwe wako akacheka akakaa chini, lakini kisu hukukiachia. Mgeni hakutoka kwako bila kupewa kahawa ya kutafuna. Viazi uliviponda ukavichoma chapati nyembamba za kwenu, tukazila na maharage. Na mbuzi wakivamia mahindi, uliwakemea kwa Kinorwe cha bibi yako. Maneno ya lugha hiyo uliyajua machache, yote ya kugombeza mifugo, na mbuzi wa Nyaishozi waliyaelewa.

Sisi tunacheka tukikumbuka. Baba hacheki. Anakunywa chai bila sukari, anasema hajui ulikuwa unaweka kiasi gani.

Sasa hao ndugu zako. Wiki iliyopita walishuka kwenye gari la kukodi, wakiongozwa na Halvor, mtoto wa kaka yako, mwenyekiti wa chama cha asili ya Kinorwe katika kijiji chenu cha wakulima huko Marekani. Masweta ya sufu, vifungo vya fedha, na jua lote lile! Walitusimulia habari za babu yao wa kale, aliyetoka Norwe na sanduku moja akaenda kulima ngano ugenini. Wamemchongea sanamu. Kila mwaka wanamfanyia karamu, wanakula samaki aliyelowekwa kwenye maji ya majivu huku wamekunja nyuso. Halvor alipomtaja, machozi yalimtoka.

Na wewe? Wewe ulitoka kwao na sanduku moja ukaja kulima migomba ugenini. Wewe, wanasema, ulipotea. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuja hata kukujulia hali. Aliyevuka bahari zamani ni shujaa, aliyevuka juzi amepotea! Akili hizo wazifungie kabatini, wasije wakaibiwa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walijipa wenyewe siku ile ile. Sisi tukiwa jikoni tunawapikia, wao wakaenda kusafisha kaburi lako, wakang'oa mulamula alioupanda Baba kichwani pako. Eti magugu! Kwao kaburi ni nyasi zilizofyekwa. Kwetu hata mtoto anajua kwamba mulamula ni mti wa mpaka na wa amani, na anayeung'oa ametangaza kuwa ardhi ile ni yake. Majirani wakapiga yowe, wanaume wakaja na mapanga. Halvor akatabasamu, akidhani wamekuja kumsaidia kufyeka.

Alipoona hawafyeki, akatoa lililomleta, binti yako Evangelina akitafsiri huku amekaza meno. Wamekutengea nafasi kando ya babu huyo wa ngano. Wanataka tukufukue, wakurudishe nyumbani. "Damu ni nzito kuliko maji," alisema.

Shemeji yako Telesfori akadakia: "Si nilisema? Mgeni hazikwi kwenye kibanja cha ukoo. Waacheni wamchukue mtu wao." Telesfori huyo, ambaye babu yake, ndiye huyo huyo babu wa Baba, alivuka Mto Kagera akiomba pa kulala. Aibu haijawahi kumpita hata njiani.

Baba alikuwa ameukumbatia mulamula, udongo ukimdondokea kwenye koti la kanisani.  Aliyesema ni Mama Vero wa chama chetu cha kuzikana.

"Mwanangu Halvor, bibi yako alipofariki, mlimpa mwanawe, huyu aliyelala hapa, taarifa mkiwa mmeshazika. Tuliolala naye kwenye nyasi za msiba akilia ni sisi. Na katika misiba yetu, huyu alichota maji kama sisi. Haya, nyie mlimlilia nani?"

 Halvor akauliza kwa sauti ndogo kama angeweza angalau kupewa udongo kidogo wa kwenda nao.

"Udongo upo," akasema Mama Vero. "Barabarani umejaa."

Ndipo Baba akapiga magoti, akaurudisha mulamula shimoni, akaushindilia kwa viganja. Halafu, Mama, mzee wako akalala chali pale pale ubavuni mwako, na koti lake, mbele ya watu wote. Akamwita mdogo wake.

"Telesfori, kata vigingi viwili. Weka kimoja kichwani kwangu, na kimoja miguuni. Hapa ni pangu. Anayemtaka mke wangu asubiri nife, aanze kunifukua mimi."

Telesfori akavikata. Akavipigilia mwenyewe, na hakuna aliyemsaidia.

Unakumbukwa na mumeo Projest, mwanao Evangelina, wakwe zako, wajukuu zako wote, Mama Vero na wenzake wa kuzikana, na Telesfori, shingo upande. Jumapili baada ya ibada tutakunywa kahawa kaburini. Waliokupenda wakiwa wanakuona wanakaribishwa.

Kukusahau hatutakusahau, Mama. Na hatukutoi.