Baba, Nani Alimwambia Bwana Afya?

Mpendwa baba,

Shikamoo, huko uliko. Najua barua haifiki kaburini, na maalimu akinisikia atanikemea, aniambie maiti haandikiwi bali huombewa dua. Dua nakuombea. Lakini kuna neno limenikaa kooni ambalo haliingii katika dua, kwa sababu ni swali, tena swali lenye ukali. Na kwa kuwa mtaa wetu wote hapa Likoni umeguswa na jambo hili, barua sitaificha. Atakaye kuisoma na aisome. Nakuuliza, baba: ni wewe?

Unayakumbuka matope ya nyuma ya mikoko, mama na wenzake walipokuwa wakifukia makumbi ya nazi. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake na vijiti vyake vya alama. Maji yakijaa yanalifunika, yakitoka linabaki hapo hapo. Makumbi yalikaa humo miezi na miezi mpaka yakaoza sawasawa, ndipo yakafukuliwa na kupigwa kwa magongo, ukatoka usumba wa kusokotea kamba. Wakati ule wa vita kamba zilitafutwa kuliko nguo. Wewe ulikuwa tarishi wa ofisi ng'ambo, kisiwani, na tulijivunia kazi yako. Lakini sukari ya nyumba yetu ilitoka kwenye yale matope, na hata viatu vyako vya kazini. Mama hakukukumbusha hata siku moja. Mimi ndiye nakukumbusha.

Harufu yake sitaisifu. Shimo likifunikwa halina neno, lakini siku likifukuliwa, yai viza ni afadhali. Na siku ya kufukua haikutajwa nje. Mama alisema jicho la mtu likitangulia, usumba hutoka mweusi na kamba hukatika. Siku ilikuwa siri ya nyumba, na nje ya nyumba aliijua mtu mmoja tu, Bi Mwanatumu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kwa sababu yeye na mama walisaidiana, leo kwako kesho kwangu. Walikuwa kama watoto wa tumbo moja. Walikula pamoja, wakasengenya pamoja, na mimi nilikuwa nikipigwa na wote wawili.

Kisha Bwana Afya, yule mkaguzi wa usafi wa serikali, akaanza kuja. Kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka yasimama yenyewe, baisikeli ameilaza mchangani, leso puani. Hakushuka matopeni asije akachafua viatu. Alisimama pakavu akanyoosha fimbo yake moja kwa moja kwenye shimo la mama, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatoa kumbi la kwanza. Mashimo yalikuwa tele pale. Hakuuliza lipi ni la nani.

"Kuna malalamiko," alisema. "Watu wa mtaa wameshtaki uvundo."

"Watu gani, bwana?" mama akauliza.

"Mlalamikaji hatajwi."

Akamwamuru afukie, akaenda zake. Alirudi mara ya pili, siku ya kufukua vilevile. Mara ya tatu akaja na askari. Vijiti vya mama viling'olewa, na akaambiwa asionekane tena pale na jembe. Shimo la Bi Mwanatumu, lililokuwa kando tu, hawakuligusa.

"Ni yeye," mama alisema jioni ile. "Nani mwengine ajuaye siku yangu?"

Ulikuwa barazani unavua viatu. Ulisema, "Usimdhanie mwenzio vibaya, mama Saumu." Nilikuona mtu mwema mno. Na tangu jioni ile mama na Bi Mwanatumu hawakusalimiana, na mtaa ukamfuata mama. Nani ataomba moto kwa mwanamke anayekwenda kwa serikali kumsema mwenzake? Bi Mwanatumu alifukua peke yake, akapiga makumbi peke yake, akazeeka hivyo.

Mimi nawe, baba, tuliagana vizuri ulipokufa. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Kukushuku kulikuja baadaye, tena kulianzia mahali ambapo hungedhania, kwenye lile ghala la ngozi la njia ya kivukoni.

Wajua lilivyokuwa likinuka. Mtu alipita amejifunga kanga mdomoni, na nzi wake walifika mpaka msikitini. Wazee walikwenda kushtaki, wakarudi, wakaenda tena. Bwana Afya hakuwa na haraka. Na siku aliyokuja alikuta ghala limefagiwa, ukuta una chokaa mbichi, na ubani unafuka mlangoni kama kuna harusi. Akavuta pumzi ndefu mbele yetu sote, akasema haoni kosa. Wazee wakacheka kwa uchungu. Tajiri mwenye ghala ana mtu wake ofisini, wakasema, humpasha habari kabla baisikeli haijatoka.

Mimi sikucheka. Nilijiuliza, na sisi je? Ofisi ni ile ile. Wewe ndiwe uliyekuwa ukipeleka makaratasi kutoka chumba hiki hadi kile. Wewe ndiwe uliyempelekea Bwana Afya chai yake. Tajiri amenunua sikio pale, nasi tulikuwa na letu la bure, na lisitusikilie neno hata mara moja? Si kwa ziara ya kwanza, si ya pili, si ya tatu?

Nilijaribu kukutetea. Nikasema labda hukusikia, labda uliogopa kazi. Kisha nikaikumbuka ile mara ya tatu, na utetezi ukaniishia. Bi Mwanatumu hakuwapo. Alikuwa Mtongwe kwa nduguye aliyejifungua, na siku waliyoagana ya kufukua ilikuwa bado. Mama ndiye aliyeibadilisha, jioni, tukiwa tunakula. Alisema maji yatatoka vizuri asubuhi na hatamngoja mtu. Kwenye sinia tulikuwa wewe, yeye na mimi. Mama hakutoka nyumbani usiku ule, wala mimi. Wewe alfajiri ulipanda kivuko ukaenda kazini. Kabla jua halijapanda sana, Bwana Afya na askari wake walikuwa wamesimama mchangani. Kwa hasira ya siku ile mama hakulihesabu hilo, wala mimi.

Sababu naidhani. Siku moja nilikuletea chakula ulichokisahau, nami bado msichana mdogo, nikasimama mlangoni pa ofisi. Karani mmoja alikunja pua akasema, "Tarishi, leo umelala shimoni na makumbi yako?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Ukacheka nao. Ulicheka kuwashinda wote. Na wakati wa kurudi ulisimama peke yako mwisho wa kivuko, mahali ambapo upepo ungeipeleka harufu yako baharini. Mama alizifukiza udi nguo zako kila asubuhi akidhani wapenda manukato. Nilikuonea huruma siku ile, na leo bado nakuonea, lakini huruma hainizuii kuuliza.

Sasa Bi Mwanatumu hajiwezi. Ametuma mpwawe kwa mama, waombane radhi kabla hajaondoka duniani. Mama akamjibu yule mtoto wa watu, "Aniambie kwanza alipewa nini." Sikuweza kuvumilia. Nilikwenda mwenyewe, nikaketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yuwaja?"

"Bado. Nambie kweli. Ni baba?"

Akageukia ukutani. "Baba yako yuko mbele ya haki. Usinitie kumsema maiti."

"Basi wajua."

Akanigeukia tena. "Niliwaona yeye na Bwana Afya ufuoni jioni moja, hata baisikeli ile haijaanza kuja. Akimwonyesha vijiti vya mama yako, hivi, kwa mkono. Wallahi, miguu yangu ilikuwa yaja kwenu. Nikarudi. Shimo, mtu atachimba jengine. Mume je? Na nyinyi mngekula wapi?"

Kwa hivyo wewe ulijua, baba, na yeye alijua, na ukapita mlangoni kwake kila asubuhi. Ulimwona akichota maji peke yake. Ulimsikia mama akimlaani. Na neno lako lilikuwa moja tu, usimdhanie mwenzio vibaya. Hilo ndilo linalonichoma kuliko shimo, kuliko hata kamba zote ambazo mama hakuzisokota.

Nimemwambia mama. Nilimkuta akisuka makuti, kazi iliyombakia. Nilimweleza yote, sinia, kivuko, kicheko cha ofisini, ufuo, na nikangoja apige kelele au anizabe kofi kwa kumsema marehemu mumewe. Vidole vyake vilisimama tu.

"Walimcheka?" akauliza. "Kule ofisini, walikuwa wakimcheka?"

"Ndiyo, mama."

Alilia, na alikulilia wewe. Kisha akainuka kutafuta buibui lake aende kwa Bi Mwanatumu, na alipofika mlangoni akasimama akanipa mgongo.

"Angeniambia mimi," alisema. "Ningeacha siku ile ile."

Walikuwa pamoja mpaka magharibi. Sikuingia. Nilisikia mmoja akilia, sikujua ni nani, kisha nikasikia wote wawili wakikohoa na kucheka.

Mwenyezi Mungu akurehemu, baba, akupanulie kaburi lako. Mama amekusamehe kabla hajafika mlangoni. Mimi bado.

Mwanao,
Saumu