Maneno ine ya serum yangu

Jeudi, magaribi

Kumbe muntu alishatengeneza kengele ya serum, ile maji ya dawa ya mu mushipa, mbele yangu! Nimepata brevet yake ku telefone, karatasi yenye kusema kintu ni ya nani. Miye nilikuwa naandika ya kwangu, ya kuomba brevet: « kengele yenye kulia chupa ya serum ikiisha. » Ile yote iko yake, toka zamani.

Lakini yangu inakunja tena tuyau, ule mupira ya serum, damu isipande mule. Nikaongeza ile. Yaya Béa, infirmière mwenye kutunza bagonjwa, akasoma, akanicheka:

« Weye ingénieur! Bamama ku hôpital banakunjaka tuyau na vidole kila siku. Iko mupya wapi? »

Ni kweli. Nikazunguka mu parcelle, kiwanja ya nyumba, nikarudi, nikaandika: « bila mukono ya muntu. »

Mungu wangu, bantu balishawaza mingi! Ile maneno ine tu, njo shamba yangu yote. Kama mwingine hajalima pale...