Vichwa na Matumbo ya Inswa

Liège, 6 Februari 1994

Yaya Kabedi, dada yangu mkubwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na mama, na kwamba mguu wake umeacha kuvimba. Mimi sina ubaya, isipokuwa baridi.

Wale kumbikumbi wa huko Nzilo ulionitumia, inswa wa mama, nimewasaga na kusoma molekuli zao za urithi, kisha nikazilinganisha na za wadudu wengine. Mti wa ukoo umetoka wazi: inswa hawana tawi lao wenyewe. Wamo ndani ya tawi la mende. Ni mende waliojifunza kujenga vichuguu, basi.

Kwa hiyo michoro yako ya miaka kumi na miwili haitaingia katika tasnifu yangu. Sura hudanganya. Kuchora wadudu ni kazi nzuri kwa mtu aliyestaafu.

Mdogo wako,
Omer

Kolwezi, 20 Machi 1994

Omer,

Mama mzima, mguu umepungua. Mi pia mzima. Asante kwa kutujulia hali kabla ya kunitukana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, ili mama naye acheke. Umemsaga mdudu, umepika supu yake, sasa unasema umemwona. Hapa mtu wa namna hiyo tunamwita mpishi. Mende kichwa chake kimejificha chini ya ngao; bawa la mbele gumu, la nyuma laini, linakunjika kama pepeo. Inswa mabawa yake yote manne yanafanana, naye anayaangusha akishatua. Hayo mtoto wa darasa la tano anayaona bila mashine na bila ndege ya kwenda Ulaya.

Mama amesema nikuandikie hivi: "Miye nakulaka inswa tangu mbele Omer azaliwe. Leo njo tunakula mende? Akule yeye!"

Usinitafute tena kwa jambo hili.

Kabedi, mwalimu

Liège, 2 Julai 1994

Yaya (kama bado naruhusiwa),

Salamu kwako na kwa mama. Sitauliza mengi, nitajibiwa matusi.

Wakaguzi wa tasnifu wameurudisha mti wangu wa ukoo. Niliwasaga inswa wazima, pamoja na matumbo yaliyojaa kuvu na vijidudu. Nusu ya nilichosoma si inswa, ni chakula chao. Tena kuna mzee mmoja, anayeamini sura ya mdudu kama wewe, aliyeniuliza: kama ni mende, kiungo gani mwilini kinasema hivyo?

Msaada wa masomo unakwisha Januari. Nikishindwa tena, narudi bila diploma. Nahitaji vichwa tu, vya inswa wa mvua za kwanza, ndani ya pombe kali. Katika michoro yako sikupata msaada wowote: vichwa na mabawa, kana kwamba mdudu hana tumbo.

Mdogo wako,
Omer

Liège, 30 Oktoba 1994

Yaya,

Hamjambo? Sijapata jibu. Mvua zimeanza huko? Hata kunitukana, nitukane.

Omer wako

Kolwezi, 27 Novemba 1994

Omer,

Tuko wazima. Mvua zilichelewa, na barua haijibiwi kwa mikono mitupu.

Unashangaa kwamba sikuchora tumbo, wewe uliyelelewa kwa matumbo hayo! Kila mvua ya kwanza mi nakata kichwa na mabawa, na mama ananyakua kinachobaki anapeleka kwenye kikaango. Miaka kumi na miwili, nusu ya ushahidi wangu nimeila kwa chumvi.

Mwaka huu nilimzuia mama. Daftari langu la kila siku linasema ilikuwa tarehe 14 Novemba, jua kali, nami nililihitaji jua hilo, kwa sababu hadubini ya shule haina taa. Nilimpasua inswa. Ana firigisi ndogo kama ya kuku, na ndani yake duara la vijino. Nikamkamata mende nyuma ya kabati nikampasua. Vijino vyake vikubwa zaidi, lakini vimepangwa vilevile, kimoja kwa kimoja. Nilikasirika, nikamtafuta mende mwingine. Naye hivyohivyo.

Basi ni mende. Usijisifu. Umefika kwenye nyumba sahihi kama mlevi anayefika kwake: kwa bahati, na viatu vichafu. Mpe huyo mzee michoro hii ya firigisi, na mwambie nani ameichora.

Vichwa vimo kwenye chupa. Aruna wa malori ataifikisha Lubumbashi, na Sista Fidélie atapanda nayo ndege ya Ulaya. Pombe ni lutuku ya Mama Asia, imechemshwa mara mbili. Wakaguzi wasiionje.

Yale matumbo mengine, mama alikuwa amekaa na kikaango chake anangoja. Nikamwambia: "Mama, Omer amesema kweli. Ni mende. Nimeona kwa macho yangu."

Akaniangalia kama mtu anayemmalizia moto wake bure.

"Chumvi iko wapi?"

Tumekula.

Yaya wako,
Kabedi