Kwetu ni Tumbatu

Salma mjukuu wangu,

Hapa Jeddah sote wazima, na mdogo wako ameanza kutembea. Umeniuliza asili yetu ni wapi, maana huko Riyadh wenzako wanakuuliza.

Nilipokuwa msichana, hapa mtaani Ruwais, mama yangu akitoka nje alizungumza Kiarabu tu, asionekane mgeni. Siku moja dukani tukamsikia hujaji mwanamke akizungumza Kiswahili kama chetu. Mama akamshika mkono.

"Wa wapi, dada?"

"Tumbatu, Unguja."

"Na mimi!"

Wakatajiana wazee wao mpaka wakakutana kwa bibi mmoja. Sikuwahi kumuona mama akicheka vile mbele za watu.

Kwa hiyo wajibu wenzako kwa sauti: Tumbatu. Binti wa hujaji yule bado yuko kule, tunawasiliana naye, na anakungoja likizo hii.

Bibi yako