Dereva Ameacha Kuitikia

Mdogo wangu Gia Moja,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo na zikukute mzima wa afya, wewe na shemeji na wanangu wote, pamoja na huyo wa mwisho ambaye naambiwa amezaliwa na kichwa changu. Kama ni kweli, mpe pole, na mtafutie kofia mapema. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu. Magoti yanamsumbua kidogo, ila mdomo hauna tatizo lolote. Binti yako Mhandisi yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea kuchora majengo, na anasema baba mdogo amemtupa. Na mimi nipo. Nimechoka tu. Uchovu wa barabarani naujua, ule ukilala unaisha. Huu ni uchovu wa kukaa, na sikuwahi kukutana nao kabla.

Usinicheke kwa mwandiko. Nimetumia kalamu ya wino mzito, ile shemeji yako anayoandikia majina kwenye magunia, na herufi zangu zimekuwa kubwa kama za kibao cha duka. Ukurasa mzima unabeba maneno machache, ndiyo maana bahasha imenona. Sababu yake utaikuta mbele.

Najua unachosubiri. Ulinipigia ukauliza nitafika lini na lori kuwahamisha, nikakujibu mzaha. Ukapiga tena, nikakwambia nina shughuli. Shemeji ameshafunga vyombo, mwenye nyumba anawataka mtoke mwisho wa mwezi, na kaka mtu anazungusha maneno kama muuza viatu. Nisamehe. Mimi kwenye simu nikianza kuongea nachekesha, tunacheka wote, salio linakatika, na jambo lenyewe halijasemwa. Kwa hiyo leo nimekaa na karatasi. Jibu lako limo humu, ila lazima lipitie kwenye kompyuta, maana na mimi lilinijia kwa njia hiyo.

Unalikumbuka lile sanduku jeusi pale sebuleni, kati ya cherehani na jokofu. Ndiyo ofisi ya Mhandisi. Anachora humo majumba yenye ngazi na madirisha, ukiyazungusha unajiona kama unatembea ndani. Kazi hiyo inataka kadi ya picha, kidude chenye feni yake mwenyewe, kinakaa ndani ya sanduku na kupeleka picha kwenye skrini. Hayo nayajua sasa. Zamani kwangu mimi kadi ilikuwa ya harusi au ya kliniki.

Miezi michache iliyopita sanduku likaanza vituko. Binti yuko katikati ya kuchora, skrini inazima, giza, halafu picha inarudi pamoja na kijisanduku cha maandishi ya Kiingereza. Nikamwambia anisomee kwa lugha ya baba yake. Akasema imeandikwa kwamba dereva wa picha ameacha kuitikia, lakini amerejea. Mdogo wangu, nilikasirika. Nilidhani napigwa kijembe. Mtu nimeendesha malori tangu ndevu hazijaota, nimevuka mipaka mpaka askari wake wananiuliza hali ya watoto, halafu sanduku nililolinunua mwenyewe linisimange kwamba dereva haitikii! Mhandisi alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba dereva huyo si mtu, ni programu ndogo isiyoonekana, kazi yake ni kuiendesha ile kadi. Nikamuuliza kama ana leseni. Tangu hapo ukawa mzaha wa nyumba nzima. Nikichelewa kuja mezani, shemeji yako anapaza sauti kwamba jamani, dereva ameacha kuitikia.

Unanijua. Shule niliiacha njiani kama mzigo uliochanika, lakini hakuna injini iliyowahi kunikatalia. Nimewahi kuziba bomba la mafuta kwa soksi, tukafika, na soksi nikaivaa. Nikasema kompyuta ni gari tu, limekosa magurudumu. Mhandisi akaifuta ile programu akaiweka upya. Tukakaa salama kidogo, kisha giza. Nikachomoa kadi yenyewe, nikaipuliza kwa pampu ya baiskeli, nikayasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha shule, nikairudisha ikalia ta! Salama kidogo, kisha giza. Nikabadilisha waya wa skrini. Giza. Nikasema basi ni umeme unaogombaniwa, nikalichomoa jokofu ili sanduku lipumue. Nyama ikaharibika, shemeji yako akanisema kuanzia chai mpaka chakula cha jioni, na giza likaja vilevile, tena wakati ananisema.

Ndipo tukamwita Fundi Bisibisi, yule wa simu na redio anayepakana na kinyozi, mtu mwenye maneno mengi kama mimi, ndiyo maana tunaelewana kwa shida. Aliingia huku akituhadithia kompyuta za mabenki alizozifufua, akanyoosha mkono, akavuta kile kitambaa. Unauliza kitambaa gani? Kile cheupe cha kufuma chenye maua. Shemeji yako amefunika redio, amefunika televisheni, amefunika jokofu, na mimi ningekuwa natulia mahali pamoja angenifunika. Kilikuwa kimeziba matundu yote ya hewa. Kadi ilikuwa inapata joto mpaka inajizimia yenyewe isiungue. Shemeji yako akanuna, akasema kitambaa kiko pale kwa ajili ya vumbi, na kwamba fundi ambaye kibanda chake hakina hata pazia asije kumfundisha mtu kupamba nyumba. Lakini kilipotoka, giza likakoma. Mhandisi akachora na kuchora, kijisanduku hakikutokea tena.

Kwangu halikukoma.

Kila nikikaa kutazama michoro ya binti, naona mistari ya kuta imepinda katikati, kama bati lililokanyagwa. Na kuna doa la kijivu, limekaa pale pale ninapotaka kutazama. Nikihamisha macho, linahama. Nikamwambia Mhandisi kadi bado ni mbovu. Akatazama, akasema mbona imenyooka, baba. Nikamwambia amezoea ubovu. Nikamrudisha Fundi Bisibisi. Akasema picha ni safi kama maji ya chupa. Nikamwambia yeye ni mtu wa redio, picha amezijulia wapi. Tukatukanana kidogo, kwa heshima. Ili kunifunga mdomo akaweka kadi nyingine, mali yake mwenyewe. Mistari ikapinda. Nikaazima skrini ya mshona nguo wa jirani. Ikapinda. Nikawatangazia wote kwamba kosa limehama kutoka kwenye kadi na kuingia kwenye skrini, kwa hiyo ni la kuambukiza, na mshona nguo asije akanidai. Mshona nguo akaja kuichukua skrini yake mbio.

Siku hizo shemeji yako alianza kunitazama mimi usoni badala ya kutazama skrini. Niliona, nikajifanya sikuona.

Sasa sikia. Wakati wa kukabidhi kazi ya chuo ulipofika, Mhandisi alichapisha mchoro wake kwenye karatasi kubwa, akautandaza mezani tulipomaliza kula, akakandamiza pembe kwa vikombe usijikunje. Ilikuwa nyumba. Juu ameandika kwamba ni nyumba ya wazazi. Ina vyumba vya kutosha, ina baraza, jiko amelisogeza karibu ili mama yake asitembee sana na magoti yake, na ubavuni ameacha nafasi ya kuegesha lori. Ameipima kabisa na trela lake, ili baba asipate taabu akirudi nyuma. Nikainama niitazame vizuri hiyo nafasi yangu, na kwa kuwa sijui kunyamaza, nikacheka, nikasema sasa mpaka mashine ya kuchapia imeambukizwa, mistari yote imepinda.

Hakuna aliyecheka. Binti yako alichukua rula yake ya chuma, akailaza juu ya mstari, akaniuliza na hii je. Rula nayo ilikuwa imepinda. Akaniwekea mkono begani, akaniambia polepole kwamba baba, karatasi haina kadi ya picha.

Hapo nilitakiwa nishangae, na nilijitahidi kushangaa. Lakini wewe ni damu yangu, acha nikwambie. Nilikuwa najua. Si yote, ila nilijua. Kabla ya hapo, uani kwa tajiri mwenye lori, nilikuwa narudi nyuma kuingia ghalani na mzigo wa saruji. Nikasikia kitu kinavunjika. Nikashuka. Kilikuwa kiti cha yule mzee mlinzi, kimelala chini ya tairi, kimekuwa bapa kama sahani. Mzee mwenyewe alikuwa amenyanyuka kwenda kuchota maji ya kunywa, na kopo alikuwa nalo bado mkononi. Nikamfokea. Nikamuuliza kwa nini anaweka kiti njiani, anataka kunitia jela? Na yule mzee akaniomba msamaha. Yeye, akaniomba mimi! Kiti kilikuwa mahali kinapokaa kila siku, Gia Moja. Nilikuwa nimetazama kwenye kioo cha pembeni, nikaona uani peupe, na doa. Nikasema kioo ni kichafu. Nikachukua tambara nikakifuta mbele ya watu. Kisha nikarudi nyumbani kupigana na kompyuta, kwa sababu kompyuta ikiwa mbovu, basi mimi ni mzima.

Mhandisi alinipeleka hospitali ya macho, amenishika mkono, mimi niliyezoea kumshika yeye tukivuka barabara. Daktari ni mama mmoja mwenye miwani minene, jambo ambalo halikunipa moyo. Alinionyesha karatasi yenye vijisanduku vya mistari, akanichungulia kwa taa mpaka nikahisi anaona ninachowaza. Akasema sehemu ya katikati ya jicho, ile ambayo ndiyo inayotazama, imechakaa upande wa kulia, na wa kushoto imeanza. Sitaingia gizani kabisa, pembeni nitaendelea kuona. Kuna sindano za kuzuia tatizo lisiendelee. Nikamuuliza nikunje shati mkono upi. Akasema sindano ni ya jichoni. Mimi niliyewahi kulala chini ya trela mpakani watu wakirushiana risasi, nilimwomba maji. Halafu nikamuuliza habari ya kuendesha. Hakunizungusha kama mimi ninavyokuzungusha wewe. Alisema hapana, akashusha taa.

Funguo nimempelekea tajiri mwenyewe. Getini nilipita na kiti kipya, nikamkabidhi yule mzee na nikamweleza ukweli wa kile cha zamani. Alikaa, akakijaribu kwa mgongo, akasema cha zamani kilikuwa kinamuumiza kiuno, kwa hiyo kumbe nimemsaidia. Nikacheka machozi yakanitoka. Uzuri wake siku hizi nina kisingizio cha macho.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo. Sitakuja kuwachukua. Lakini mtahama, usimtie shemeji presha. Nimeongea na tajiri, amekubali kulitoa lori kwa sharti kwamba utaendesha wewe. Panda basi uje huku mwisho wa wiki hii, ulichukue, twende wote tukapakie.

Wewe, Gia Moja! Nilikufundisha kwenye uwanja wa mpira, ukazima gari mpaka watoto wakaacha mechi wakakaa kutazama. Ukaogopa gia ya pili, tukazunguka jioni nzima kwa ya kwanza, injini inalia kama inafiwa, na jina nikakupa pale pale. Nimelisimulia hilo kila baa na kila mpaka. Ambalo sijawahi kusimulia ni kwamba siku hizi unaendesha vizuri kuliko mimi. Nimeuliza watu wanaokuona asubuhi na gari lako la maziwa. Wanasema hujawahi kukwaruza hata ukuta, na kwamba unashika usukani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Nilipaswa kukuambia zamani. Nakuambia sasa, tena kwa wino mzito, usije ukadai hukuona.

Nitakaa kiti cha pembeni. Njia ile naijua hata nikifumba macho, na sasa imekuwa sifa ya maana. Nitakwambia wapi kuna kona mbaya, wapi daraja ni jembamba, wapi askari anapenda kusalimiwa kwanza. Nitakupigia kelele kila ukibadilisha gia. Usinijibu, endesha tu.

Kompyuta ni nzima kabisa. Kile kitambaa cha maua shemeji yako amekihamishia kwenye kiti changu, karibu na dirisha, kwa hiyo amenipata mwishowe. Mhandisi amekabidhi mchoro wake. Nilimwambia ile nafasi ya lori aigeuze bustani. Amekataa. Anasema baba mdogo akija kutusalimu ataegesha wapi?

Nimeishiwa karatasi na mkono umechoka. Msalimie sana shemeji, mwambie vyombo vya kioo asivifunge, nitavifunga mwenyewe kwa kupapasa, na sitavunja zaidi ya anavyovunja yeye. Wanangu waambie baba mkubwa anakuja na hadithi mpya, ya kiti. Na wewe usiponipigia kabla ya kupanda basi sitakasirika. Ukinipigia tutacheka tu, na nimeshasema nilichotaka kusema.

Ni mimi kaka yako, Dereva, aliyekuwa ameacha kuitikia, lakini amerejea.