Trela ya Ijumaa

Nimesikia trela ya filamu ikinguruma kabla sijafungua mlango wa baba. Ile filamu yetu ya shujaa, toleo refu la mwongozaji mwenyewe! Linatoka Ijumaa, mimi naye tumelisubiri miaka mitatu.

Naingia, mzee anacheka mbele ya TV. Kitambaa bado kimeifunika. Kitambaa, ndugu yangu!

"Unaona nini, baba?"

"Si huyo anaruka!"

Nikakivuta. Hata hakushtuka.

Nikambana, akasema, "Sioni tangu mwezi uliopita. Daktari kasema basi. Sikutaka unihurumie kabla ya Ijumaa."

Daktari kasema basi! Mimi na mdomo wangu wote wa kishairi, nikaketi kando yake.

"Utanisimulia," akasema. "Ila usinitilie mashairi yako."

"Nakuahidi, baba. Saa nne zote za filamu, bila hata ubeti mmoja."