Uvimbe wa Pili

Mama Zuhura, mke wangu,

Juzi msibani Kitaya mama mmoja aliniambia, "Pole shemeji, kumbe ile saratani ya titi ilirudi ikammaliza." Nikamkatiza mbele za watu. "Haikurudi!" Wakatazamana. Najua wanafikiri tangu nikuzike akili zimeniruka.

Hata wewe uliamini imerudi. Asubuhi ile shambani Mahurunga nilikuwa napulizia mikorosho salfa, nawe umeniletea uji, unanicheka nilivyojaa vumbi la njano. Ukajigusa shingoni, ukakuta uvimbe. "Baba Zuhura, yule bwana karudi."

Titi lilishakatwa miaka mingi. Ulikuwa unajaza kitambaa kwenye sidiria na kunitania kwamba upande ule ndio unaonipendeza zaidi. Siku ile hukutania. "Kaja kumalizia kazi. Hospitali nikafanye nini?" Nikasema weee, ukakataa kata kata miezi ikapita, mpaka hata uji ukawa haupiti, ndipo tukaenda.

Yule daktari wa mjini, binti mpole, alisema yeye hakisii; lazima akate kinyama kikapimwe. Ukaninong'oneza kwa hasira, "Wanikate ili waniambie ninachokijua?" Nilikubembeleza mno. Ukakubali umenuna.

Majibu yalipotoka, alitukalisha. "Mama, hii si ile ya titi. Ni saratani nyingine, imeanzia kooni. Na imeshasambaa." Wewe, jamani, wewe ukatabasamu! Ukauliza kwa ile sauti yako iliyokwisha kukauka, "Kwa hiyo yule wa kwanza nilimshinda?"

"Ulimshinda, mama."

Njia nzima ya kurudi ulikaa wima kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi nilitamani kupiga kelele. Nilikuwa nafikiria miezi yote tuliyokaa nyumbani tukimsubiri mtu ambaye hakuwa anakuja, huku mwingine ameshaingia. Sikusema, nisije nikakuharibia furaha. Ukaniusia, "Wakisema karudi, wakatalie."

Nawakatalia, mke wangu. Msibani, dukani, hata kwa wanaopita njia tu. Zuhura ananiambia, "Baba, waache," nami siachi. Kila swala namwomba Mungu akupe raha ambayo koo lako lilikunyima.

Wakishaondoka wote, nalia. Maana sifa hizi ulizitaka wewe. Mimi nilitaka umshinde na huyu wa pili, urudi nyumbani.

Mumeo,
Baba Zuhura